Punje Tano kwenye Kisahani

Walimu wangu, shikamooni. Nanyi vijana mnaoanza kazi, karibuni. Kabla sijasema neno, naweka punje tano za sodiamu haidroksaidi kwenye kisahani hiki. Wapika sabuni mtaani wanaiita kostiki. Mnaiona: nyeupe, kavu, inagonga kioo ikianguka. Asiiguse mtu, inakula ngozi.

Mimi ni fundi sanifu maabara wa sekondari, hapahapa pwani. Mnaikumbuka michango ya maabara za kata ya 2014 na 2015: chumba cha fizikia, cha kemia, cha baiolojia. Vyumba vikasimama. Mtu wa kukaa ndani yake, kwingine hadi leo hajaja. Na hata akiwepo, wengi wanajua kazi yake ni kuosha vyombo na kushika funguo. Kuosha naosha, sikatai.

Lakini niwaambie aibu yangu moja. Nilikuwa mgeni kazini, kidato cha nne wana titresheni, jaribio la kudondosha asidi kwenye kostiki hadi zimalizane. Nikapima gramu 4 za kostiki, nikatengeneza lita 1, yaani ukali wa mola 0.1. Asidi haidrokloriki nayo mola 0.1. Ukichukua mililita 25 za kostiki, asidi inayotoka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo, lazima iwe 25. Hesabu ya kitoto.

Darasa zima likaleta 22. Mwalimu akafoka: hamjui kusoma bureti! Nami nikatikisa kichwa kama mjuzi. Binti mmoja akanyoosha daftari: 22.1, 22.0, 22.1. Akasema, "Mwalimu, nimesoma usawa wa macho, mara tatu." Rangi ya kiashiria chake, kile kinachoonyesha asidi imetosha, ilikuwa imeondoka kwenye njano ikashika chungwa, wala haikupitiliza. Mkono wa yule mtoto ulikuwa safi kuliko wangu.

Nilirudi stoo. Kopo la kostiki lilikaa likizo nzima mfuniko umelegea, punje zimegandana kama sukari iliyonyeshewa. Katika zile gramu 4 nilizopima, karibu nusu gramu ilikuwa maji na hewa ya ukaa ambayo kostiki iliinyonya kutoka hewani. Mizani haidanganyi, inapima chochote unachoiwekea. Nilikwenda kumwambia mwalimu, naye, Mungu amjalie, akawaomba radhi wanafunzi mbele ya darasa. Mimi nilijibanza mlangoni.

Tangu siku hiyo, jaribio lolote nalifanya mwenyewe jana yake, kwa bureti zilezile na maji yaleyale watakayotumia watoto. Ikija 22 namwaga, naanza upya, hata kama ni saa mbili usiku na umeme umekatika. Kila chupa naandika jina, ukali na tarehe; chupa isiyo na lebo kwangu ni sumu, hata ukiniapia kuwa ni maji. Kostiki naiweka kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, maana kizibo cha kioo kinang'ang'ania hadi uvunje shingo. Habari ya kumimina asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi, mmeimbiwa chuoni, sirudii.

Haya, sogeeni mtazame kisahani. Nimeongea dakika chache tu na madirisha yako wazi. Zimeanza kung'aa, eti? Ile ya pembeni imeshaketi kwenye tone lake la maji. Sasa nani ananipimia gramu 4 za hizi?