Masomo Manne ya Mwaka wa Mwisho

Shikamooni wazee wangu. Habari za jioni, ndugu zangu. Na ninyi wanangu mliokaa kule karibu na mlango, sogeeni mbele, maana ya leo yanawahusu.

Tangu shule zifunguliwe nimeulizwa swali moja kila ninapokwenda, dukani, msibani, hata kwenye simu usiku: "Dada, mtoto yuko darasa la 12, ana masomo manne tu, saa sita mchana keshafika nyumbani. Chuo hakitamkataa?"

Nianzie tunakotoka. Mimi nimesoma Tanzania mpaka Kidato cha Sita. Kwetu mtihani wa taifa ndio mwamuzi. Wenzangu wa Kenya mna KCSE, wa Kongo mna Examen d'État. Basi tumefika hapa Ohio na jicho lilelile: mtoto akikaribia kutimiza krediti 20 za kuhitimu (somo la mwaka mzima akifaulu ni krediti moja), tunaona kazi imekwisha, afadhali akatafute kibarua. Lakini Marekani hakuna mtihani mmoja wa kufuta yaliyopita. Chuo kinasoma miaka yote minne, darasa la 9 hadi la 12. Na kwa kuwa maombi mengi hutumwa kati ya Novemba na Januari, vijana hudhani mwaka wa mwisho hauonekani.

Unaonekana. Kwenye Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, mwanafunzi mwenyewe anaorodhesha masomo anayosoma mwaka huo. Mshauri wa shule naye ana fomu yake, na humo anaulizwa: ukimlinganisha na wenzake wa shule hiyo wanaojiandaa kwenda chuo, masomo aliyochagua huyu ni mazito kiasi gani? Muhula wa kwanza ukiisha, vyuo vingi huletewa alama za katikati ya mwaka. Akihitimu, inakwenda transkripti ya mwisho, yaani rekodi ya masomo na alama zake zote.

Lishikeni hilo neno "wenzake". Mtoto wako hapimwi kwa shule ya mtaa wa matajiri yenye kozi za AP, zile za kiwango cha chuo zinazofundishwa sekondari, chungu nzima. Mshauri hutuma pia maelezo ya shule, yanayoonyesha inafundisha nini. Kama shule yenu ina AP tatu, hakuna atakayemuuliza ya nne.

Kwa hiyo tusihesabu vipindi, tusome majina yake. Kiingereza, hesabu, sayansi na historia ni masomo manne, na huo ni mwaka wenye uzito wake. Nimeona pia ratiba ya vipindi saba ambayo vitatu ni kusaidia ofisini na maktaba, viwili ni mazoezi ya mwili. Imejaa juu mpaka chini, lakini anayeisoma ataona mtoto ameacha sayansi na hesabu. Chuo Kikuu cha California wameliweka hili kwa maandishi: kati ya mambo 13 wanayoangalia, mojawapo ni ubora wa masomo ya mwaka wa mwisho, ingawa alama za mwaka huo haziingii kwenye wastani wanaoukokotoa. Chuo cha jamii kama Columbus State hapa kwetu, hicho mlango wake uko wazi, akihitimu, anaingia.

Sasa niwaambie la nyumbani kwangu, maana ndilo lililonifanya nisimame hapa. Mwanangu alianza aljebra akiwa darasa la 8, hivyo kufika darasa la 11 alikuwa ametimiza krediti nne za hesabu. Akaniambia, "Mama, nimemaliza hesabu." Nikafurahi. Nikaweka sahihi kwenye ratiba isiyo na hesabu, jikoni, nikiwa nimevaa sare ya kazini na funguo za gari mkononi. Chuo kilimkubali. Barua ilikuja, tukapiga vigelegele. Kisha kabla ya muhula kuanza akafanya jaribio la kumpangia darasa la hesabu. Miezi 15 hakuwa amegusa mlinganyo hata mmoja. Akarudishwa kwenye aljebra aliyoisoma darasa la 10. Alitaka uhandisi, na uhandisi unaanza na kalkulasi. Bila hiyo fizikia haifunguki, bila fizikia masomo ya mwaka wa pili hayafunguki. Akachelewa mwaka mzima, na mwaka ule tuliulipia.

Ndiyo maana mkiniuliza kuhusu udahili, mimi nawarudisha kwenye hesabu. Mwaka 1999 mtafiti Clifford Adelman wa Wizara ya Elimu ya Marekani aliwafuatilia vijana tangu sekondari mpaka shahada. Aliona kwamba uzito wa masomo ya sekondari ulitabiri nani atamaliza chuo vizuri zaidi kuliko alama za mitihani, na kwamba kufika juu ya Aljebra ya Pili kulizidisha nafasi hiyo zaidi ya mara mbili.

Najua wapo waliotoka saa sita kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. Kijana anafika ghalani saa nane, anarudi saa nne usiku. Mwanangu, hilo liandike! Common App ina mahali pa shughuli, na kazi ya mshahara imo, kulea wadogo zako kumo. Kuna pia nafasi ya maelezo ya ziada. Andika saa ngapi kwa wiki na kwa nini. Ukinyamaza, wataona pengo tu.

Na ukibaki na nafasi, uliza College Credit Plus, mpango wa Ohio wa kusoma masomo ya chuo ukiwa bado sekondari. Kwa chuo cha umma hulipi ada wala vitabu, na somo moja la hesabu pale linahesabiwa sekondari na chuoni. Ila alama yake inabaki kwenye rekodi ya chuo, kwa hiyo usiingie kwa mzaha.

La mwisho: barua ya kukubaliwa ina masharti. Ukiacha somo mwezi wa pili au alama zikiporomoka, kiandikie chuo mapema, kabla transkripti haijawafikia.

Mlioleta ratiba, njooni pale kwenye meza ya chai. Nitaanza na wa darasa la 11, kwa kuwa zao bado zinabadilishika.