Mama Aliyeshika Kifua

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, nawasalimu.

Kila aliyekaa msibani amewahi kumsikia mama wa marehemu akishika kifua na kulia, "Moyo wangu jamani!" Tunampa maji, tunamwambia ajikaze. Tunadhani ni maneno ya uchungu tu. Leo nimekuja kumtetea mama huyo.

Wamisri wa kale wangemwelewa. Walipokausha maiti ubongo waliutoa, moyo wakauacha kifuani, kwa kuwa waliamini ndio wenye akili na ndio utakaowekwa kwenye mizani ya hukumu. Karne ya 13, tabibu Ibn al-Nafis wa Kairo akaandika kwamba damu ya upande wa kulia wa moyo hupita mapafuni kabla ya kufika kushoto. Mwaka 1628 daktari Mwingereza William Harvey akapiga hesabu: damu inayotoka moyoni kwa nusu saa ni nyingi kuliko yote iliyomo mwilini, basi lazima ni ile ile inayozunguka. Hesabu hiyo naipenda mpaka leo. Ila tangu hapo moyo ukawa pampu, na huzuni tukawaachia washairi.

Mwaka 1990 madaktari wa Japani wakaeleza habari za wagonjwa wenye dalili zote za shambulio la moyo: kifua kinauma, pumzi hazitoshi, kipimo cha umeme wa moyo kimebadilika. Mishipa ikapigwa picha, ikaonekana haijaziba. Lakini chumba cha kushoto cha moyo kilikuwa kimelegea na kutuna chini, juu kimebana kama shingo ya mtungi. Sisi pwani pweza tunamchokoa mwambani. Wajapani humtegea mtungi, naye huingia mwenyewe. Wakauita ugonjwa huo takotsubo, mtungi wa pweza.

Wengi wanaopatwa ni wanawake waliokoma hedhi, na mara nyingi kuna lililotangulia: kufiwa, ajali, hofu kali. Inaaminika kwamba homoni za mshtuko, kama adrenalini, hufurika na kuilemaza misuli ya moyo. Kwa wengi moyo hurudia umbo lake baada ya siku au wiki kadhaa. Wapo wanaokufa.

Na daktari hawezi kujua kwa macho kama ni mshipa ulioziba au ni mtungi wa pweza, lazima apime. Kwa hiyo mkimwona mama huyo jasho linamtoka na pumzi zinamkatika, msimwambie ajikaze. Tafuteni gari usiku huo huo, na afuatane naye mtu anayezijua dawa anazotumia.