Shem Kavua Pete

REHEMA: Habari za saa hizi wasikilizaji wetu, popote mlipo. Mimi Rehema, na niliye naye hapa ni shemeji yangu Salim, kama kawaida. Leo tuna masomo matatu kwa wale walioingia ligi ya bolingi mwezi huu: kanuni ya 31 ya kuchagua pa kulenga, mpira wa plastiki kwa ajili ya speya, yaani kuangusha pini zilizobaki kwa mpira wa pili, na namna ya kusoma karatasi ya mafuta, ile inayoonyesha njia imepakwaje. Tutayafikia. Ila shem, nakuangalia mkono tangu umekaa. Pete iko wapi?

SALIM: Nimeivua.

REHEMA: Wasikilizaji, msimpigie dada yangu simu. Ya ndoa ipo. Iliyovuliwa ni ile ya 300, ya mchezo kamili: straiki kumi na mbili mfululizo, kila moja pini zote kumi kwa mpira mmoja.

SALIM: Iko kwenye droo tangu Jumamosi.

REHEMA: Haya, waeleze.

SALIM: Jumamosi nilienda kwenye mashindano, siyo pale kwetu. Njia wamezipaka mafuta ya spoti, ule mpangilio mgumu wa mashindano. Sasa nyie mnajua wastani wangu wa ligi yetu ya Jumanne ni 207. Mchezo wa kwanza nikapata 141. Wa pili 156. Wa tatu nikasema hapana, leo sikubali, nikajikaza. 149. Mpira ni ule ule, viatu vile vile, mkono ndiyo huu.

REHEMA: Pole, shem.

SALIM: Njia ya jirani kuna mama mmoja, rika la mama yangu mzazi. Anatembea hatua nne pole pole, anaachia mpira, unapinda kidogo tu, kama mtu anayegeuza shingo akuitikie salamu. 190, 188, 201. Hana haraka, hana kelele. Mimi niko pale na mipira mitatu ya bei mbaya, kila nikikosea ubao mmoja, njia inanidai.

REHEMA: Kwa mgeni wa mchezo, hapo mwambie. Kudaiwa ni vipi?

SALIM: Njia ya bolingi ina mbao 39 kwa upana, na futi 60 toka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele. Mashine inapita asubuhi inapaka mafuta futi kama 40 za mwanzo, kule mwisho panaachwa pakavu. Zamani mafuta yalikuwa ya kulinda mbao tu zisiungue kwa msuguano. Siku hizi ndiyo yanayoamua mchezo wote. Kwenye mafuta mpira unateleza, kwenye ukavu unang'ata na kupinda.

REHEMA: Na pale kwetu?

SALIM: Pale kwetu, na karibu kila ukumbi wa ligi hapa Marekani, katikati wanamwaga mafuta mengi, pembeni wanapangusa tu. Katikati panaweza kuwa na mara kumi ya pembeni, hata zaidi. Sasa mimi ni wa mkono wa kulia. Nikikosea kulia, mpira unakuta ukavu, unang'ata, unarudi kwenye pini. Nikikosea kushoto, unakuta mafuta mengi, unateleza moja kwa moja, bado unafika palepale. Ni kama mtaro wa maji ya mvua. Mwaga ndoo upande wowote, maji yataishia mtaroni.

REHEMA: Na spoti?

SALIM: Spoti, tofauti ya katikati na pembeni ni ndogo, kama mara tatu hivi. Mtaro hakuna, ni uwanja. Nikikosea kulia, haurudi, unapita pembeni ya pini ya kwanza na kuniachia pini namba 1, 2, 4 na 10. Nikikosea kushoto, unang'ata mapema, unagonga pini ya kwanza usoni, naachiwa 4, 6, 7 na 10, mbili huku mbili kule, kama milango miwili iliyobaki nyumba ikishaanguka.

REHEMA: Sawa. Hilo nimekuelewa. Lakini pete imeingiaje?

SALIM: Imeingia kwa sababu ile 300 niliipata kwenye mtaro.

REHEMA: Shem, mimi nilikuwepo! Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma yako. Ukumbi mzima ulinyamaza, hata yule kijana wa viatu alitoka kwenye kaunta. Straiki ya kumi na mbili, pini ya 10 ikabaki imesimama peke yake. Ikatingishika. Halafu ile pini ya mbele iliyokuwa imegonga ukuta wa kushoto ikaja inabingirika chini, pole pole, ikaigusa mguuni. Ikalala. Nililia mimi. Unaniambia haikuwa kitu?

SALIM: Sijasema haikuwa kitu. Nakuuliza, unaikumbuka ya kumi na moja?

REHEMA: Naikumbuka. Mkono ulikutetemeka, mpira ukatoka nje sana, ukafika kama ubao wa nne. Nikasema basi, kwisha habari. Ukarudi, ukavunja zote.

SALIM: Umesema mwenyewe. Nililenga ubao wa nane, nikapiga wa nne. Nimekosea mbao nne nzima, mpira ukarudi ukavunja zote kumi. Jumamosi nimekosea mbao mbili nikaachiwa pini nne. Ule mpira wa kumi na moja nani aliupiga, mimi au mashine ya mafuta?

REHEMA: Wewe.

SALIM: Mimi naona nusu kwa nusu.

REHEMA: Unajua unanikumbusha nani? Mzee Glenn.

SALIM: Rehema, tuna masomo matatu.

REHEMA: Dakika mbili tu. Glenn Allison, tarehe 1 Julai 1982, La Habra Bowl, California. Mtu mzima wa miaka 52, tayari yumo kwenye jumba la heshima la mchezo. Usiku wa ligi ya kawaida, anapiga 300, anapiga 300 ya pili, anapiga 300 ya tatu. Straiki 36 mfululizo. 900. Katika historia yote ya ABC, chama cha bolingi cha wakati ule, tangu kianzishwe 1895, hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kwa kutambuliwa. Wakaguzi wakapima njia, wakakuta mafuta hayakufuata kanuni. Chama kikakataa rekodi. Akakata rufaa, wapi.

SALIM: Na chama kilikuwa sahihi.

REHEMA: Aliyepaka mafuta ni Glenn?

SALIM: Hakuna aliyesema Glenn kadanganya. Walichosema ni kwamba njia haikuwa ya kanuni. Sikiliza, mkimbiaji wa mita 100 akisukumwa na upepo unaozidi mita 2 kwa sekunde, medali anapewa, kashinda. Rekodi hapewi. Upepo hakuuleta yeye, lakini rekodi ni kipimo, na kipimo lazima kiwe kimoja kwa wote.

REHEMA: Upepo unapimwa pale pale, tena kila mbio, aliyeshinda na aliyeshindwa. Mafuta nani anayapima kila Jumanne? Walipima ya Glenn kwa sababu kapiga 900. Njia za watu wanaopiga 180, nani anakwenda na kifaa? Ukipima pale tu mtu anapofanya ajabu, unakuwa unatafuta sababu ya kumnyima.

SALIM: Au unahakikisha kabla hujaandika kwenye kitabu. Aliyepiga 180 haandikwi popote.

REHEMA: Haya, 1997. Tarehe 2 Februari, Lincoln, Nebraska. Mwanafunzi wa chuo, Jeremy Sonnenfeld, anapiga 900, anatambuliwa, wa kwanza. Na baada yake wametambuliwa zaidi ya thelathini. Hao ni wa enzi za mipira ya resini, ile inayong'ata kama ina meno, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mzee Glenn hakuwa nayo. Na kanuni za mafuta za 1997 siyo zile za 1982. Kwa hiyo aliyekuwa na chombo hafifu zaidi ndiye asiye na rekodi. Hilo haliniingii akilini.

SALIM: Umenipa hoja yangu mwenyewe. Thelathini na zaidi! Kitu ambacho hakikuwahi kutambuliwa kwa miaka mia, ghafla kinapatikana karibu kila mwaka. Angalia 300 zilizotambuliwa. Msimu wa 1968-69 hazikufika 1,000. Msimu wa 1998-99 zilizidi 34,000. Na wanachama walikuwa wamepungua! Sisi watu wa leo hatujawa mara thelathini bora kuliko babu zetu.

REHEMA: Mipira imebadilika, njia zimetoka mbao zikaja za plastiki ngumu. Siyo mafuta peke yake.

SALIM: Kweli, siyo peke yake. Lakini mafuta ndiyo kitu pekee ambacho mwenye ukumbi anaweza kukibadilisha asubuhi moja. Anajua mteja akipata 220 atarudi, akipata 150 atakasirika. Kwa hiyo njia zikalainishwa ili watu wabaki. Wamebaki? Mwishoni mwa miaka ya sabini wanachama wa mchezo huu hapa Marekani walikuwa zaidi ya milioni 8, wanaume, wanawake na vijana. Leo ni kama milioni 1. Wametoa heshima ya mchezo wakitegemea kununua watu, na watu wameondoka vile vile.

REHEMA: Hapo umeruka, shem. Watu hawakuondoka kwa sababu 300 ni rahisi. Waliondoka kwa sababu kiwanda kimefungwa, na ligi ilikuwa ya kiwanda. Kwa sababu mtu ana kazi mbili. Angalia timu yetu. Mama Neema anatoka kwenye usafi wa hospitali saa kumi na mbili, saa moja yuko ukumbini na mpira. Alianza na wastani wa 96. Msimu huu ana 151. Ungempaka spoti wiki ya kwanza angerudi ya pili?

SALIM: Asingerudi. Hilo nakubali.

REHEMA: Basi.

SALIM: Basi nini? Nakubali ligi iwe na mafuta laini. Nachokataa ni kuvaa pete inayosema nimefika mahali ambapo sijafika. Hata USBC wenyewe, chama cha sasa cha bolingi hapa Marekani, wanajua. Wana jedwali la kugeuza wastani wa spoti kuwa wa kawaida, maana wanajua 180 ya kule si 180 ya huku. Ofisi yao iko hapa hapa Arlington, Texas, na jumba la makumbusho la bolingi liko pale pale. Jedwali la wastani lipo. La pete halipo.

REHEMA: Kwa sababu pete haihesabiki! Wewe unadhani kila aliyeingia ule ukumbi kapiga 300? Mtaro huo huo tunaucheza watu sitini kila Jumanne. Mimi nimecheza mwaka wa sita, sijafika hata 270. Kama mtaro unapiga wenyewe, mbona haunipigii mimi?

SALIM: Sijasema unapiga wenyewe.

REHEMA: Umesema nusu kwa nusu.

SALIM: Nimesema ule wa kumi na moja.

REHEMA: Na ile mingine kumi na moja?

SALIM: Sijui, Rehema. Ndiyo shida yangu. Kwenye spoti nikipiga vizuri najua nimepiga vizuri, kwa sababu nikipiga vibaya naambiwa hapo hapo. Mpira ukirudi una mistari ya mafuta imepangana kama matuta ya shamba, unaangalia, unasoma, unajua ulipita wapi. Pale kwetu nimekuwa nikipangusa hiyo mistari kwa taulo miaka minne bila kuiangalia. Sikuwa na sababu. Nilikuwa napata straiki.

REHEMA: Hilo ni somo la kujifunza kusoma mafuta. Siyo sababu ya kumvua Mzee Glenn pete.

SALIM: Mzee Glenn tena.

REHEMA: Haondoki huyu. Mtu kasimama pale, kila mtu nyuma yake anajua, mkono haujamtetemeka mara 36. Wewe ulitetemeka mara moja na bado nililia. Ule utulivu mafuta hayaupaki.

SALIM: Utulivu wake nauheshimu kuliko kitu chochote kwenye mchezo huu. Rekodi ni kitu kingine.

REHEMA: Kwangu ni kitu kimoja.

SALIM: Hapo ndipo tumekwama.

REHEMA: Tumekwama. Nimeona saa, zamu yako inaanza lini?

SALIM: Saa tatu kamili, na barabara ya 360 saa hizi unaijua.

REHEMA: Na masomo hatujagusa hata moja. Kanuni ya 31 haraka haraka? Unachukua urefu wa mafuta kwa futi, unatoa...

SALIM: Usiianze. Bila karatasi ya mafuta mkononi mtu atabeba nusu yake, akaharibu mchezo Jumanne. Tuyaache yote matatu.

REHEMA: Jamani mnisamehe mliokuja kwa ajili ya speya. Mama Neema, najua unasikiliza ukiwa kwenye basi, ule mpira wa plastiki nitakuletea mwenyewe. Jumanne saa moja jioni, njia ya 7 na ya 8. Shem, utakuja nayo?

SALIM: Nitakuja na mpira.

REHEMA: Nimeuliza pete.

SALIM: Iko kwenye droo.

REHEMA: Basi nampigia dada. Ataileta yeye.