Umri Kabla ya Kilomita: Kuikagua Pikipiki Kuukuu Uliyoipata Karibuni

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie ukaguzi na utunzaji wa pikipiki kuukuu ambayo mtu ameipata karibuni, iwe kwa kuinunua, kuirithi au kupewa na jamaa aliyechoka nayo, na ningependa kuanza na swali ambalo karibu kila mnunuzi hulitanguliza: imetembea kilomita ngapi? Swali hilo halina ubaya, ila kwa pikipiki yenye miaka 15 au 20 linapaswa kutanguliwa na jingine, nalo ni kwamba imelala muda gani. Injini iliyotembea kilomita 60,000 huku ikibadilishwa oili kwa wakati yaweza kuwa nzima kuliko ile iliyotembea 9,000 kisha ikaachwa bandani miaka 6, kwa sababu mpira, petroli na mafuta ya breki huharibika hata chini ya turubai, na mita ya kilomita haihesabu siku za kulala.

Kwa hiyo mimi huanza na breki, kabla hata ya kujaribu kuwasha injini. Najua hamu ya mtu aliyeleta pikipiki nyumbani ni kuusikia mlio wake, lakini injini ikigoma utabaki ulipo, na hakuna atakayeumia.

Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4, ambayo ni madaraja yanayoandikwa kwenye chupa, hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. DOT 4 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishakunywa maji, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi 155. Tofauti hiyo huonekana kwenye mteremko mrefu, ambapo mafuta hupata moto, maji yaliyomo hugeuka mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanika ilhali mafuta hayabaniki, mkono wa breki hurudi hadi kugusa usukani bila gurudumu kushikwa. Mafuta mapya huwa na rangi ya asali hafifu. Ukikuta yamekuwa kama kahawa, usijiulize mara mbili, yamwage yote na kuweka mapya, kisha urudie kila baada ya miaka 2. Soma pia maandishi ya kifuniko, kwa maana DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine, ingawa DOT 5.1, kinyume na jina lake, ni ndugu wa DOT 4.

Niruhusuni nieleze kilichonipata mimi mwenyewe. Niliwahi kununua pikipiki iliyokuwa na pedi nene na diski safi isiyo na mikwaruzo, nikaridhika. Baada ya safari fupi niliona inazidi kuwa nzito, kana kwamba kuna mtu anaivuta kwa nyuma. Nilisimama, nikadondosha maji kidogo juu ya diski ya mbele, yakachemka papo hapo. Niliachia mkono wa breki, lakini gurudumu lilibaki limeshikwa, na lilizunguka tu nilipolegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, mafuta yakaruka. Paipu ya mpira, ambayo kwa nje ilikuwa nyeusi na ya kupendeza, ilikuwa imevimba kwa ndani. Mafuta yalipita yakisukumwa kwa nguvu ya mkono, lakini hayakuweza kurudi yenyewe. Tangu siku hiyo paipu ya breki isiyojulikana umri wake naibadilisha bila kuijadili, na nawashauri mfanye vivyo hivyo.

Tairi lina tarehe yake, na ni ajabu jinsi watu wachache wanavyoisoma. Tafuta ubavuni tarakimu 4 za mwisho zinazofuata herufi DOT, ambazo hazihusiani na mafuta ya breki: 2314 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2014. Ukikuta tarakimu 3 tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai barabarani hata kama mifereji yake bado ni mirefu. Mpira mkongwe hukauka na kuwa mgumu. Ukiubonyeza kwa ukucha hauachi alama, na ukikunja ubavu wake utaona nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Hilo ndilo tairi litakaloteleza kwenye kona yenye maji.

Sasa inua gurudumu la mbele, kisha zungusha usukani polepole kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kama mkono unahisi kijishimo katikati, mahali ambapo usukani unataka kutulia wenyewe, beringi za shingo zimekwisha. Shika miguu ya shokapu upande wa chini, vuta na kusukuma. Mchezo wowote, yaani kulegea, ni kazi ya kufanywa kabla ya kutoka. Angalia pia kama oili inavuja kwenye sili za shokapu, kwa kuwa tone hilo likishuka hadi kwenye diski, breki haipo.

Petroli iliyolala hunuka kama rangi ya kupakia milango. Imwage, mulika ndani ya tangi uone kutu, na ufungue kabureta, kwani njia nyembamba inayolisha injini inapozunguka polepole bila akseleta, yenye tundu dogo kuliko sindano ya kushonea, ndiyo huziba kwanza. Dalili yake ni pikipiki inayowaka kwa choki tu na kuzimika ukiiondoa choki hiyo.

Oili ya injini ipimwe pikipiki ikiwa imesimama wima. Ikiwa nyeupe kama maziwa, ina maji. Iwapo klachi yako inaogelea ndani ya oili ya injini, kama ilivyo kwa pikipiki nyingi, tafuta chupa yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili inayofaa klachi ya namna hiyo. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi huanza kuteleza. Nafasi za valvu nazo zipimwe, hata kama injini imetulia. Valvu inayogonga kidogo hutusumbua masikio, lakini iliyobana haipigi kelele yoyote huku ikiungua.

Mnyororo upimwe katikati ya sehemu yake ya chini. Mchezo wa milimita 20 hadi 30 ni wa kawaida kwa pikipiki nyingi za barabarani, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Zungusha gurudumu na upime mahali palipobana zaidi, kwa sababu mnyororo mkongwe haulegei sawasawa. Meno ya spoketi yakiwa yamepinda kama ya msumeno, badilisha spoketi zote mbili pamoja na mnyororo.

Umeme ni habari ya mikono iliyotangulia. Nimewahi kuona fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nayo ilikuwa ikifanya kazi, na hilo ndilo lililonitisha. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 au zaidi. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikizidi 15, regileta, kifaa kinachodhibiti chaji, imeharibika na betri inachemshwa.

Hayo yote hufanywa mara moja, unapoipokea. Ya kila asubuhi ni machache, hayazidi dakika 3: upepo wa tairi kabla hazijapata moto, mkono na pedeli za breki, taa zote pamoja na ile ya breki, oili, mnyororo, na akseleta. Kwa hiyo ya mwisho, geuza usukani hadi mwisho wa kila upande, fungua akseleta, kisha iachie. Isiporudi yenyewe kwa kishindo, kebo imekauka au imepitishwa vibaya.

Safari ya kwanza iwe fupi, mahali ambapo unaweza kurudi kwa kusukuma. Ukifika nyumbani, kabla hujavua kofia, sogeza kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu bila kukigusa, ulinganishe joto. Ngoja ipoe, kaza upya boliti ulizozifungua, pima mnyororo tena, kisha tandika kadibodi safi chini ya injini ilale nayo usiku kucha. Asubuhi yake kadibodi hiyo itakuonyesha pa kuanzia.