Kurusha Kamba kwa Wawili: Mkono Kwanza, Farasi Baadaye

Karibuni, kaeni. Nimeombwa nieleze namna ya kujifunza kurusha kamba kwa wawili, mchezo wa rodeo, yaani mashindano ya wachunga ng'ombe wapanda farasi, ambao ninyi mnaoishi hapa Texas mnaupita kila wikendi. Nitaanza na la kuwaudhi: farasi mwacheni zizini kwanza.

Mchezo wenyewe ni huu. Maksai anafunguliwa, anatoka mbio, na wapanda farasi wawili wanamfuata, kila mmoja na kamba yake: wa kichwa na wa miguu. Wa kichwa, anayetokea kushoto, anamtia kitanzi kwenye pembe zote mbili, au pembe moja na pua, au shingoni. Pengine popote hapahesabiwi. Akishanasa, anazungushia kamba kwenye kinundu cha tandiko, kile kilichosimama mbele ya mpandaji, kisha anamvuta maksai kushoto. Ndipo wa miguu anapoingia kunasa miguu ya nyuma. Ukinasa mmoja tu, unaongezewa sekunde 5. Ukitoka kabla ya wakati na kukata kizuizi, ile kamba iliyo mbele ya farasi, 10. Mwaka 2009 Chad Masters na Jade Corkill walimaliza kazi yote kwa sekunde 3.3, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe.

Sasa, mazoezi. Chukua robota la majani makavu, lichomeke kichwa cha plastiki chenye pembe, simama nyuma yake. Mkunjo wa kamba mkono wa kushoto, kitanzi kulia. Zungusha juu ya kichwa, ncha ya kitanzi ikiinama kuelekea pembe ya kushoto. Wanaoanza huzungusha kwa nguvu za bega. Kazi ni ya kifundo cha mkono. Ukirusha, fungua kiganja mpaka mwisho, usiibane kamba.

Wa miguu ana shida nyingine: macho. Akiona kwato tu, anarusha, na kitanzi kinafika zimeshatua. Subiri maksai aruke, rusha miguu ikiwa inaondoka ardhini kwenda mbele, ili itue ndani ya kitanzi kinachoisubiri.

Lakini kunasa si mwisho, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Kamba ikishashika, vuta ulegevu wote, kisha zungusha kwenye kinundu kinyume cha saa, dole gumba likitazama juu. Juu, nasema! Maksai akifika mwisho wa kamba, chochote kilicho kati ya kamba na kinundu kinakatika. Jake Barnes, bingwa wa dunia mara 7, alipoteza dole gumba la mkono wa kulia hivyo hivyo, mwaka 2005, katika fainali za taifa kule Las Vegas. Huyo ni Barnes; wewe je, wa juzi?

Kwa hiyo mzungusho huo ufanyeni kwenye tandiko lililowekwa juu ya gogo, hadi mkono uende wenyewe bila kutazama. Baadaye panda farasi mtulivu, mfuate maksai mzee mwenye mwendo wa pole, bila kurusha kitu. Farasi ajue nafasi yake, nawe ujue yako.

Haya, marobota yako nje. Wa kichwa upande wa ukuta, wa miguu huku kwangu. Pete zote mfukoni kabla hamjagusa kamba.