Asali Iliyoganda Haina Kosa

Ndugu zangu, walionisikia katika ukumbi huu mwaka jana wanajua nitakachosema, nami siwaombi radhi kwa kurudia, kwa sababu wiki iliyopita tu, katika soko moja hapa Dodoma, nimeliona tena jambo lilelile. Mama mmoja alikuwa amepanga mezani chupa za asali ya Manyoni, na kwa kuwa tumo katika Julai, na usiku wa hapa mnaujua, asali ilikuwa imeganda hadi shingoni mwa chupa kama samli. Bwana mmoja mwenye tai akaipindua chupa, akaona haishuki, akasema kwa sauti iliyofika meza ya tatu, "Mama, hapa umetia sukari." Yule mama hakubishana naye. Aliinama, akatoa chupa nyingine yenye asali nyekundu inayotiririka, bwana akalipa, akaondoka ameridhika. Nilipomuuliza mama hiyo ya pili imetoka wapi, alicheka: "Ni hiyohiyo, baba. Nimeichemsha asubuhi."

Basi bwana yule aliikataa asali nzima, akanunua iliyounguzwa. Nyuki huigeuza sukari ya mbochi, yaani maji matamu ya maua, kuwa sukari mbili nyepesi, glukosi na fruktosi, na glukosi hiyo ikiwa nyingi kuliko maji yanavyoweza kuibeba, hujitenga na kuwa chembechembe, hasa baridi inapokaribia nyuzi 14. Ndiyo maana asali ya maua fulani huganda mapema na ya maua mengine hukaa majimaji kwa muda mrefu, ingawa zote ni halali. Moto huondoa chembechembe hizo, lakini huondoka pia na harufu ya maua na vimeng'enya vilivyotiwa na nyuki.

Najua kuna atakayenitajia njiti ya kiberiti, kwamba ikichovywa katika asali halisi bado huwaka. Njiti iliyochovywa katika asali hupima maji tu: shira nzito ya sukari itaiacha iwake, na asali halisi iliyorinwa mbichi itaizima. Na wanaosema asali halisi hujulikana kwa kuzama katika glasi ya maji, shira nzito nayo huzama. Na wale wanaosema sisimizi hawagusi asali halisi, nawakaribisha jikoni kwangu.

Bwana mwenye tai angemuuliza mama kama masega yalikuwa yamefunikwa kwa nta yaliporinwa, ningemvulia kofia. Mbochi huingia mzingani ukiwa na maji zaidi ya nusu, nyuki wakaupepea kwa mabawa hadi maji yashuke chini ya asilimia 20 hivi, ndipo wanapoziba. Mrinaji asiyengoja, anayekamua masega yaliyo wazi pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki, ndani yake, anatuuzia kitu kitakachochacha kabatini, hata kama hakutia kijiko kimoja cha sukari.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Asali ya nyuki wadogo wasiouma ina maji mengi na uchachu kwa asili yake, kwa hiyo msiihukumu kwa kipimo nilichotaja. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe asali hata kwa ncha ya kidole, kwa kuwa mbegu za bakteria zinazoweza kuwamo huota tumboni mwake na kutoa sumu. Hili sina mjadala nalo, bibi akisema asiseme. Na mwenye chupa iliyoganda nyumbani aisimamishe katika maji ya vuguvugu ambayo mkono unayavumilia, kisha asubiri.

Hapana, mzee wangu wa nyuma, si juu ya mkaa.