Kipakatalishi Chembamba cha Bei Nafuu: Ramu, Hifadhi na Joto la Mombasa

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji, katika kipindi chetu kutoka Mombasa. Kwa muda wa wiki mbili nimekuwa nikitumia kipakatalishi alichonunua mpwa wangu anayejiandaa kuingia chuo kikuu, na leo nimekileta hapa mezani: kioo cha inchi 14, uzito wa kilo 1.3, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel N100, ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 4, na hifadhi ya kutunzia mafaili ya aina ya eMMC ya gigabaiti 128.

ATHUMANI: Kwa umbo sina neno, Bi Zuhura, mtu anaweza kukibeba kwapani akavuka nacho feri ya Likoni asihisi kitu. Swali langu ni moja: ramu yake inaongezeka?

ZUHURA: Haiongezeki. Nilikipeleka kwa fundi, akafungua kifuniko cha chini, akatazama, akakirudisha bila kusema mengi. Chipu za ramu zimelehemiwa kwenye ubao mkuu, kwa kuwa nafasi ya kuchomekea ramu ya kawaida inataka unene ambao chombo hiki hakina. Gigabaiti 4 ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa kwa mfumo endeshi wa Windows 11, lakini kukubaliwa ni jambo moja na kutosha ni jambo jingine. Nikikiwasha tu, kabla sijagusa chochote, zaidi ya nusu ya ramu huwa imekwisha kushikwa. Na nikifungua kurasa sita za intaneti, waraka mmoja na mkutano wa video, kila ninachobonyeza hujibu kwa kuchelewa.

ATHUMANI: Na hapo ndipo udhaifu wa pili unapojitokeza, Bi Zuhura. Kompyuta inapoishiwa na ramu, huhamishia sehemu ya mzigo kwenye hifadhi, na hifadhi hii ya eMMC ni ya jamii ya chipu zinazotumika katika simu za bei ya chini. Toleo lake la 5.1 halivuki megabaiti 400 kwa sekunde hata kwenye karatasi, ilhali SSD, yaani hifadhi ya chipu yenye kasi zaidi, ya aina ya kawaida ya SATA hukaribia 550, na zile za aina ya NVMe hupita 1,000 bila taabu. Kwa hiyo ramu ndogo inaiegemea hifadhi ambayo nayo haina nguvu ya kuegemewa. Watu huilaumu prosesa, lakini mimi naitetea: N100 ilitoka mwaka 2023, ina viini vinne, na kwa kuandika, kusoma na kutazama video inatosha kabisa.

ZUHURA: Kilichoniudhi ni kwamba kuna toleo jingine la kipakatalishi hiki hiki lenye ramu ya gigabaiti 8 na SSD ya 256, na kwa nje huwezi kuvitofautisha mpaka usome kibandiko cha kwenye boksi. Mpwa wangu alipouliza, aliambiwa kwamba tofauti ni nafasi ya kuwekea picha tu.

ATHUMANI: Nafasi ya picha! Haya, tuje kwenye joto, maana wengi wa wanaovisifu vyombo hivi huvijaribu katika vyumba vyenye kiyoyozi.

ZUHURA: Hiki hakina feni, na ukimya wake niliupenda, kwani kile changu cha zamani hunguruma kama jenereta ya harusini. Lakini joto la prosesa lazima litoke mahali, na hapa hutoka kupitia mwili wenyewe wa chombo. Saa nane mchana, wakati wa kaskazi, nilikiweka kitandani juu ya leso. Baada ya nusu saa ya mkutano wa video kilikuwa cha moto chini na kizito kufanya kazi, kwa kuwa prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue. Nilipokihamishia juu ya meza tupu, karibu na dirisha, kilipata nafuu. Watengenezaji wengi huweka nyuzi 35 kuwa mwisho wa joto la hewa linalofaa kompyuta, na sisi huku hatukai mbali na mpaka huo.

ATHUMANI: Betri nayo haipendi joto. Umeipimaje?

ZUHURA: Ni ya saa-wati 38. Kwa kazi nyepesi chombo kilikula kama wati 6, nami nikapata saa sita na kidogo. Jambo jema ni kwamba kinachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo umeme ulipokatika niliendelea kwa betri ya akiba yenye nguvu ya kutosha. Kioo kinasomeka vizuri ndani, ila barazani jua linakishinda. Kamera inafaa kuonyesha kwamba upo.

ATHUMANI: Mimi ningemshauri achukue cha mtumba kilichotoka maofisini Uingereza: kinene, ndiyo, lakini ramu yake hubadilishwa kwa bisibisi.

ZUHURA: Nakubali kwa sharti moja, Bwana Athumani. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache, hazimo katika orodha ya Windows 11. Vingi vya vile vya bei ya kuvutia ni vya kizazi cha sita na cha saba, na betri zake zimekwisha kuchoka.

ATHUMANI: Basi mpwa wako ameamua nini?

ZUHURA: Jana alikirudisha dukani, akakatwa pesa kidogo, akaongeza tofauti ya bei, akachukua kile cha gigabaiti 8.

ATHUMANI: Alikijaribu kabla ya kulipa?

ZUHURA: Alifungua kurasa kumi na video mbili, akakaa akikitazama kwa muda mrefu hata muuzaji akamletea kiti.